Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: mpaka utaufunga bei ikifika ngapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Najua barua ya mkulima hupelekwa Wizara ya Kilimo, na mhuri mmoja tu wa karani wako unatosha kuisukuma huko. Naomba asiugonge. Waziri wa Kilimo ni mtu mwema, anatutembelea, anavaa buti, anapigwa picha ameshika jembe. Lakini riba ninayokopea, thamani ya fedha yetu mbele ya fedha za wengine, na amri ya kufunga mpaka, vyote ama vinatoka mezani kwako au vinapita hapo kabla ya kunifikia.

Nianze na ghala langu. Nafaka ikitoka shambani naianika mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi. Kipimo sina, natumia meno: punje ikivunjika kwa mlio mkavu, tayari, ikibonyea, inarudi juani. Kisha natia dawa ya wadudu, nashona magunia, nayapanga juu ya mbao yasiguse sakafu. Kazi yote hiyo ni kwa sababu nimeamua kutouza leo. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei iko chini, na wenye madeni na ada za watoto hawana hiari. Mimi nakisia kwamba miezi minne mbele bei itapanda kiasi cha kunirudishia gharama ya dawa, magunia, na kilo zilizoliwa na panya.

Mwaka mmoja bei ilipanda kama nilivyokisia. Mjini wakaanza kulalamika, na jioni moja redio ikatangaza kwamba kuanzia usiku huo nafaka haivuki mpaka. Mnunuzi aliyekwisha nipa arubuni akaacha kupokea simu. Niliuza kwa bei ya mavuno mzigo nilioutunza miezi mitatu. Msimu uliofuata nililima nusu ya shamba na mbolea sikununua. Majirani walifanya vivyo hivyo, bila kuitana kikao. Mavuno yakapungua, na bei ya mjini ikaruka kupita ile iliyowatia wakubwa hofu mwanzoni. Wakaufunga mpaka tena.

Silaumu serikali kujali chakula cha mtu wa mjini. Kibarua ambaye sehemu kubwa ya ujira wake inaishia sokoni ana haki ya kupiga kelele. Ninachokataa ni kwamba nafuu yake nailipia mimi peke yangu, kwa kodi ambayo Bunge halikuipitisha na ambayo haimo katika kitabu chako cha bajeti. Aliyeteremshiwa bei kwa amri ametozwa kodi, hata kama tangazo liliita jambo hilo tahadhari.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tazama Ghana. Bodi ya kakao iliundwa mwaka 1947, pamoja na mengine, ili kumkinga mkulima na bei inayoyumba duniani. Taratibu bodi ikageuka mfuko wa serikali: kakao iliuzwa nje kwa bei ya dunia, mkulima akapewa kilichobaki, na sarafu iliyoshikiliwa juu kuliko thamani yake ikamla hata hicho. Msimu wa 1964/65 nchi ilivuna zaidi ya tani 550,000. Msimu wa 1983/84 ilipata chini ya 160,000. Ukame na moto wa msituni vilichangia, sikatai. Lakini miti ilikuwa imezeeka bila kupandwa mipya, kwani nani apande mti wa kungoja miaka kwa bei ile? Na kakao nyingi ilivushwa kimagendo kwenda Côte d'Ivoire, ambako walilipa vizuri zaidi. Angalia pia kwamba pigo kubwa hapo lilikuwa kiwango cha kubadilishia fedha, jambo ambalo hakuna Waziri wa Kilimo popote duniani anayelipanga.

Sri Lanka nayo ilionyesha jinsi haraka inavyoua nia njema. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani, nchi nzima ihamie kilimo cha asili. Mtu anaweza kulitetea lengo hilo. Ila udongo uliozoea mbolea hiyo kwa miongo hauachishwi kwa tangazo la gazeti la serikali. Miezi michache baadaye, mwezi Novemba, amri ililegezwa, wakati wakulima wengi wamekwisha panda bila mbolea ya kutosha. Nchi iliyokuwa karibu ijitosheleze kwa mchele ikabidi iagize, na fedha za kigeni za kuulipia zilikuwa zinakauka.

Vietnam walikwenda njia nyingine. Mwaka 1988 chama tawala kilitoa azimio la kuipa kila kaya ardhi ya kulima kwa miaka mingi, na kuiachia kuuza mavuno yake. Nchi iliyokuwa ikiagiza mchele iliuza nje zaidi ya tani milioni moja mwaka 1989. Hawakugundua mbegu ya miujiza kati ya mwaka ule na huu. Mkulima alijua tu kwamba atakachovuna ni chake.

Wenzako hupenda kusema nchi inaendelea kwa viwanda. Sawa, lakini viwanda hivyo vitamuuzia nani? Nilipopata msimu mzuri nilinunua mabati, pampu ya maji na simu, nikamlipa fundi. Msimu wa mpaka kufungwa sikununua hata msumari, na fundi yule akahama. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Mimi sing'ang'anii sana asilimia. Nimeona ruzuku ya mbolea ya kupandia ikifika mmea uko kiunoni, na kwenye mahesabu ikaandikwa kwamba imetolewa.

Ombi langu si pesa. Kabla hatujanunua mbegu, tangaza kwa maandishi bei ya mjini ambayo ikifikiwa serikali itaingilia soko. Ikifikiwa, anza kutoa akiba ya taifa, uliyoinunua kwetu kwa bei ya soko wakati wa mavuno. Ikibidi kuzuia, toza ushuru unaojulikana badala ya kufunga kabisa, na utupe notisi ya siku unazozitaja leo. Kisha usibadilishe hadi tuvune.

Bei hiyo unaweza kuiandika juu ya bahasha na kunirudishia. Mbegu nanunua mwisho wa mwezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, mwenye ghala tupu kwa sasa