Gesi Peke Yake Haitibu Mguu wa Mbele wa Ndege

Wiki iliyopita mteja wetu aliondoka karakanani amenuna. Alituletea Cessna 182 yake hapa uwanja wa ndege wa Arusha, mguu wa mbele umelala, akataka tuujaze naitrojeni arudi porini kabla ya saa sita. Tukafungua shokapu, yaani mguu wenyewe. Alipoiona bili akasema tumemla hela kwa kazi ya dakika kumi.

Lawama hii tunaisikia kila msimu wa watalii, na inatuuma. Ndani ya mguu ule mna gesi na mafuta ya hidroliki. Gesi hubeba uzito ndege ikiwa imesimama. Mshindo wa kutua humezwa na mafuta, yakilazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Mguu ukilala, mara nyingi sili inayozuia mafuta yasitoke imechoka, na mafuta yamevuja. Ukiongeza gesi tu, mguu utasimama vizuri machoni, na siku ya kutua vibaya chuma kitagonga chuma.

Tumeshapokea ndege ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa akiongeza gesi kila baada ya siku chache, mpaka alipotua kwa kishindo kwenye kiwanja cha changarawe. Mguu ukazama wote, ukuta wa bati nyuma ya injini ukajikunja, propela ikagonga ardhi. Propela ikigonga, injini nayo lazima ifunguliwe yote, maana ufa wa krankshafti, mhimili wa injini unaozungusha propela, hauonekani kwa nje. Sili alizokwepa kununua ni vipete vya mpira vinavyoenea kiganjani.

Mwingine aliishiwa mafuta ya breki kambini, dereva wa Land Cruiser akamsaidia oili ya breki ya gari. Msaada mbaya! Mafuta ya ndege hizi ni mekundu, namba 5606, na sili zake zimetengenezwa kwa hayo. Oili ya gari ilizivimbisha zikawa kama bablishi iliyotafunwa. Tulibadilisha kila sili ya breki na kusafisha mfumo mzima.

Kwa hiyo unalipia nini? Tunainua pua, tunatoa gesi yote kabla ya kugusa kitu (mguu wenye gesi unaweza kufyatuka na kumuua fundi), tunakagua bomba la mguu linaloteleza ndani na nje kama lina mikwaruzo, tunafunga sili mpya. Mafuta tunajaza mguu ukiwa umebanwa hadi mwisho, ndipo gesi inafuata. Kisha fundi anatia sahihi kwenye logibuku, kitabu cha kumbukumbu za matengenezo ya ndege, na sahihi hiyo ndiyo leseni yake. Hatutii sahihi kwa gesi tupu.

Ukiwa porini, kila jioni futa bomba la mguu linalong'aa kwa kitambaa chenye mafuta yaleyale mekundu. Vumbi la Serengeti husaga sili kama msasa.

Sili kuukuu tunamkabidhi kila mteja kwenye mfuko pamoja na bili. Za yule wa wiki iliyopita zilikuwa ngumu kama plastiki, moja imepasuka. Aliuacha mfuko mezani, tumemtunzia.