Mzee Asingoje Kiu Wakati wa Joto

Mhariri,

Joto likipanda, tunahimizana kunywa maji tukisikia kiu. Kwa mzee, ushauri huo ni hatari. Kadiri umri unavyosonga, hisia ya kiu hufifia. Mwili unaweza kupungukiwa maji huku mwenyewe akisema hana haja. Bibi yangu alikuwa hivyo: kikombe tulichomwekea asubuhi tulikikuta mchana kimejaa vilevile, naye midomo imempasuka. Tangu hapo hatumuulizi kama ana kiu. Tunampa kidogo kidogo na kukaa naye mpaka amalize.

Tazameni pia mkojo: ukiwa haba na wa manjano iliyokolea, maji hayatoshi. (Wenye maradhi ya moyo au figo wamuulize daktari kiasi kinachowafaa.) Feni nayo ina mipaka. Hewa ikifika nyuzi joto 40, inampulizia mtu joto tu. Kitambaa kilicholoweshwa maji, shingoni na kwapani, kinasaidia zaidi.

Na mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, msimngoje apoe mwenyewe. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, na iteni msaada wa daktari papo hapo. Akiwa hajitambui, msimnyweshe chochote.

Msomaji wako