Barua kwa mwanangu: kile kinyundo kirudishe kwenye gari

Mwanangu Rehema,

Huku nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Picha uliyotuma nimeikuza mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Kumbe kweli: kinyundo chekundu cha springi, kile cha kuvunjia kioo mtu akinaswa ndani, umekitundika kwenye funguo za ndege. Ni kifaa kizuri, mama, ila kirudishe kwenye gari.

Kioo cha mlango wa gari hupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla, ndiyo maana ukikidunga padogo tu, chote kinamwagika punje punje. Madirisha ya Cessna yako ni plastiki, akriliki. Jumamosi nilitoa kipande cha dirisha kuukuu nilichobaki nacho tangu enzi za karakana, nikakibana kwenye jiliwa, nikakifyatulia kinyundo kama chako mara sita. Nikapata vidoa sita vyeupe, basi. Nikashika shoka dogo. Pigo la katikati lilirudi likanitetemesha kiwiko, plastiki imepinda tu. Nikahamia konani, vidole viwili kutoka ukingoni: pigo la pili likatoa ufa, la nne likaondoka na kona nzima. Ukingo wake ulikuwa mkali kama wembe, ukanichana kidole gumba. Usimwambie mama yako.

Kwa hiyo nunua shoka dogo, chuma kimoja mpaka mwisho wa mpini, lenye mpira usioteleza mkono ukilowa. Na kikatio cha mkanda, kile cha ndoana chenye wembe uliojificha ndani, kisije kumkata abiria tumbo. Kijaribu kwanza kwenye mkanda chakavu, uvute kwa mshazari. Vile vifaa vyenye tochi, filimbi na sumaku kwa pamoja sivitaki. Hiyo sumaku ikae karibu na dira, utajikuta unaelekea Comoro ukidhani unakwenda Mafia.

Shoka na kikatio usiviweke mfuko wa nyuma ya kiti, wala kwenye begi. Kitu kizito kisichofungwa ndicho cha kwanza kukupiga kisogoni. Kaa kitini, jifunge mpaka mkanda ukubane, fumba macho, kisha vifikie kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Pale mikono yote miwili inapofika ndipo pake. Mwombe fundi wenu mwenye leseni avifunge na kuandika kwenye kitabu cha ndege, usigandishe mwenyewe kwa gundi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni ile Cessna 206 yako yenyewe. Mbele ina mlango mmoja tu, wa kwako kushoto. Abiria wana ile milango miwili ya mizigo kulia, na flapsi, zile bapa za nyuma ya bawa, zikishuka, mlango wa mizigo wa mbele unagonga flapsi na kubaki upenyo. Watu wamezama humo wakisukuma mlango usiofunguka. Inabidi uusukume ule wa mbele hadi ulipokomea, upenyeze mkono, uzungushe wenzo wa mlango wa nyuma, ndipo usukume wa nyuma. Mweleze hivyo abiria anayekaa pale, umwonyeshe kwa mkono, kabla hujawasha injini. Wewe nawe, ukijua unakwenda kutua majini, legeza komeo la mlango wako kabla hujagusa maji. Bodi ikipinda, mlango uliokomewa hauna rafiki.

Unakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria. Ndani walikuwa watu 43, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Mvuvi Majaliwa Jackson na wenzake walifungua mlango wa nyuma kwa kasia. Alisimulia baadaye kwamba alipiga mbizi hadi mbele, na rubani akamwashiria kwa mkono, kutoka upande wa pili wa kioo, akivunje. Nilisikiliza habari ile nimesimama, redio mkononi, wewe ukiwa bado darasani unasomea urubani.

Ndege kubwa hubeba shoka kwa kanuni. Yako hakuna atakayekukagua.

Kesho nakutumia mzigo kwa basi la asubuhi. Humo mna shoka, kikatio, na nusu ya lile dirisha iliyobaki. Hicho kipande cha dirisha kibane kwa seremala yeyote, ukipige mwenyewe, na vaa glavu. Kisha nipigie uniambie pigo la ngapi.

Baba yako