Ninunue gari gani, Passo au IST? Nijibu kabla ya Jumamosi

Shoga angu Rehema,

Za masiku? Najua utasema huyu akikosa shida hanitafuti, na kweli toka Pasaka kimya, ila na wewe simu unayo na vocha unaweka. Huku wazima. Mama mdogo mguu umepoa, Zuwena kajifungua wa kiume (utakuwa umeshasikia kwa Mama Neema, maana yule habari haimkai tumboni), na huku Goba mvua imechimba barabara mpaka bajaji wanakataa kunifikisha getini, wananishusha pale kwa muuza mkaa natembea na viatu mkononi. Kwenye hivyo viatu mkononi ndipo lilipoanzia hili ninalokuandikia.

Nanunua gari. Cheka kwanza umalize ndo uendelee kusoma.

Ndiyo, mimi yule yule niliyezimisha gari ya chuo cha udereva mara nne kwenye mataa ya Mwenge mpaka mwalimu akashuka kuwaomba radhi wenye magari. Leseni nimepata mwezi wa tatu. Kikoba tumevunja, mwaka huu nilinunua hisa nyingi, nina milioni 10 na chenji kidogo, usiogope sikukopi. Ninachotaka kwako ni akili, maana huku kila mtu ananichagulia gari na kila anayenichagulia ana lake. Dalali ana chake, shemeji yake Zuwena ana chake, hata Method mwenye Premio naye nina wasiwasi anataka ninunue ile ambayo ataweza kuiazima.

Moja nimeshaamua na usinirudishe nyuma, nataka oto, ile isiyo na klachi. Method kanisema weee, eti gari ya oto hata mtoto anaendesha, nikamwambia haya basi ndo ninayoitaka hiyo ya mtoto. Yeye anaishi kwenye tambarare, hajui kupandisha Goba saa 1 asubuhi, foleni imesimama mlimani, daladala limekukalia nyuma karibu likuguse, mguu mmoja klachi, mwingine unatetemeka haujui uende breki au mafuta, mkono kwenye hendibreki, jasho mpaka kwenye nyusi. Kwenye oto ukiachia breki inasogea yenyewe polepole, kazi yako kuelekeza tu. Sasa mtu anayejifunza bado, akili yote iko kwenye saiti mira na bodaboda wanaopita kushoto na kulia, kwa nini nijiongezee kazi ya tatu?

Ila usidhani oto yenyewe nimeiweza kirahisi. Wiki ya pili baada ya leseni Method kanipa Premio yake tumpeleke shangazi Madale, shangazi yuko nyuma kapakata sufuria ya maharage ya nazi, mimi nimeshika usukani kama nimebeba mtoto wa watu. Tunafika kwenye tuta, akili ikaniambia kanyaga klachi ushushe gia. Mguu wa kushoto ukaenda, shoga, kwa zile nguvu za klachi unazozijua, kumbe kule klachi hakuna, kuna breki pana kama sahani. Gari ikasimama pale pale. Simu ya Method ikaruka ikagonga kioo. Shangazi sikusikia sauti yake mpaka nilipogeuka, maharage yako kifuani, kifuniko kakishika mkononi, ananiangalia tu. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto nauficha kabisa nyuma kule karibu na kiti, kazi yote anafanya wa kulia, mafuta yeye breki yeye. Method anasema ndivyo inavyotakiwa, ila hilo alilisema baadaye sana, baada ya kufua siti.

Sasa magari yenyewe.

Ya kwanza IST, rangi ya fedha, ya 2003, cc 1300, iko yadi moja sitaitaja, haijasajiliwa bado. Wanataka milioni 13, nitoe 10 nyingine nilipe kidogo kidogo. Nilivyoiona tu moyo ukalainika, imepanda juu kidogo, inang'aa, nikajiona nimeshuka kanisani na kitenge changu cha bluu. Nikamchukua fundi Side. Side hakuangalia kung'aa, alilala chini kwanza, akainuka, akafungua mlango wa dereva akaingiza kichwa pale kwenye nguzo. Kuna kistika cha Kijapani kimefifia, kumbe mafundi wa kule wakishamwaga oil huwa wanabandika na kuandika tarehe na kilometa. Namba nilizisoma kwa macho yangu, 24, halafu 10, halafu 91,240. Hiyo 24 ni mwaka kwa hesabu zao, Heisei wanaita, kwetu ni 2012. Haya, njoo kwenye dashibodi, 68,000. Yaani toka 2012 gari ilikuwa inatembea kinyumenyume! Nikamuuliza kijana wa yadi, akasema bila hata kupepesa macho, hicho kistika cha gari nyingine dada. Cha gari nyingine kimefuata nini mlangoni kwa hii?

Side akasema tusigombane, akaiacha injini inaunguruma mpaka ikapata moto, akachomoa kile kijiti cha kupimia oil ya gia boksi akafutia kwenye tishu. Anasema ikiwa nzima inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Ile ilikuwa kama chai ya rangi iliyolala, na inanuka kuungua, mpaka mimi nisiyejua kitu nilisikia. Gia boksi ya oto ikifa, kuitengeneza ni hela, na wengi wanaishia kwenda mtaa wa Gerezani kwenye spea kununua nyingine iliyotumika, ambayo nayo hujui ilikotoka. Tukaondoka. Lakini shoga sitakudanganya, bado inaniita ile IST.

Ya pili Passo, namba D (herufi za usajili zinaanzia D), cc haifiki 1000, baba mmoja wa Kimara anaiuza milioni 8 na laki 8. Baba mstaarabu sana, katukaribisha maji, akasema gari hii mimi naendea kanisani tu na sokoni mara moja moja. Nikakaa kiti cha dereva, gia yake iko juu pale karibu na usukani, nikaipenda, haikuchanganyi na hendibreki. Nikaegemea, jua likapiga dashibodi, nikaona duara limejichora, la gundi, pale pale katikati, la kishikio cha simu. Jamani, kanisa gani hilo mtu anaendea kwa ramani? Nikanyamaza. Usiku nikaingiza namba ya gari kwenye mtandao kuangalia deni la trafiki, faini tatu hazijalipwa, 30,000 mara tatu ni 90,000, na moja ni ya mwendokasi Chalinze. Sokoni Chalinze!

Ilikuwa taksi ya mtandao, hilo halina ubishi. Lakini cha ajabu Side anaikubali. Anasema taksi inayotunzwa ni bora kuliko ya yadi iliyopakwa mafuta. Akaniambia kanyaga breki, weka D ya kwenda mbele, subiri, weka R ya kurudi nyuma, rudi D. Ikaingia laini, hakuna kishindo, haikuchelewa. Inatetemeka kidogo ikiwa imesimama, anasema hiyo ni silinda 3 ndo zilivyo, ila maunti moja, ule mpira unaoshikilia injini, imechoka ibadilishwe. Na bima ndogo 118,000, mafuta inanusa tu hainywi, na wewe unajua kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta nyumba nzima tunashika tama.

Tatizo ni mlima. Tuliipandisha Goba, mimi, Side na baba wa Kimara nyuma, AC imewashwa. Nikakanyaga, injini ikapiga kelele kama cherehani ya fundi siku ya kuamkia Idi, spidi 30, bodaboda katupita kabeba mabati. Nikazima AC, ikapata pumzi kidogo. Hapo ndo nikakumbuka mlima Kitonga wa njia ya Iringa, na toka siku hiyo Kitonga haijanitoka kichwani.

Maana gari hii sinunui kwa ajili ya Mwenge tu. Desemba nataka nimfuate mama Mafinga nije naye Dar akae na wajukuu, amechoka mabasi, miguu inavimba. Na wewe na Passo ya shemeji mliwahi kupanda Kitonga mko wanne na gunia la mahindi, nakumbuka ulituma picha mmesimama Ilula mnakula vitunguu sijui nyanya. Hukusema mlipandaje! Mimi najiona katikati ya kona zile, mbele semi imebeba kontena inatambaa, nyuma semi nyingine, na mimi na cherehani yangu. Na kushuka ndo naogopa zaidi kuliko kupanda. Side anasema nisishuke na breki mwanzo mwisho, zitapata moto zigome, nishushe gia kwenye ile 2 au L gari ijizuie yenyewe. Kwenye chuo walitufundisha hilo kwa manyuo, zile za klachi, kwa oto mwalimu alisema tu weka D uende zako.

Shemeji yake Zuwena anasema achana na zote, agiza Japani. Nikaingia kwenye kikokotoo cha kodi za magari cha TRA usiku mmoja mpaka macho yakauma. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, gari ikizidi miaka 10 kuna nyingine 30 ya uchakavu, nafuu ya Passo ni kwamba cc 1000 kushuka chini ushuru wa bidhaa wa injini hawakutozi. Ukijumlisha, kodi inakaribia kulingana na gari na meli yake kwa pamoja, milioni 10 yangu inaishia bandarini. Halafu nyingi za miaka ya karibuni zina gia boksi ya CVT, ile ya mkanda yenye oil yake maalumu, na huku bado mafundi kibao wanamimina oil yoyote. Dada mmoja wa ofisini kwetu alimiminiwa ATF, oil ya oto za kawaida, kwenye CVT, gari ikaanza kutetemeka kwenye mataa, sasa hivi iko chini ya mwembe kwao kuku wanataga humo. Sio gari mbaya, ni mikono ya watu. Ila mimi mgeni, nitajuaje mkono upi ni upi? Na oto haisukumwi ikawaka, betri ikifa usiku wewe na giza lako mpaka upate wa kukubusti kwa betri yake.

Kwa hiyo asubuhi naamka Passo, nikipita ile yadi nakuwa IST, nikifika nyumbani nakuwa Passo tena. Baba wa Kimara nimempa mpaka Jumamosi saa 4. Nataka nimwambie milioni 8, alipe faini zake mwenyewe, na kadi ya gari ibadilishwe jina kabla sijatoa hela ya mwisho, sitaki kusikia nitakuletea baadaye. Sijui kama nimfunulie lile duara la gundi au nikae nalo tu kama silaha. Wewe ungefanyaje? Unajua mimi bei siwezi, nikiona mtu mzima kaniletea maji kwenye glasi naona haya.

Haya sasa nijibu, na unijibu vizuri sio unatuma kidole gumba. Kitonga mlipanda na gia gani, D au mlishusha? AC mlizima toka Ruaha Mbuyuni au mlisubiri ilalamike? Injini haikupata moto? Kushuka je, shemeji alitumia ile L au alikanyaga breki tu na kuomba Mungu? Cc 1000 mtu mmoja na mama yake na ndoo mbili za ulezi inatosha kweli au najidanganya kwa sababu ya bei? Na pale kwako Kihesa ukipaki kwenye mteremko, unavuta hendibreki kwanza ndo unaweka P ya kupaki au kinyume? Side kasema hendibreki kwanza, Method kasema haina tofauti, nishike la nani? Na ukweli mtupu shoga, ungekuwa wewe, Desemba ungempakia mama yako gari ninayoendesha mimi mwenye miezi tisa ya leseni, au ungemwambia apande basi mara moja ya mwisho?

Msalimie shemeji. Mwambie ule mchanganyiko wake wa ulanzi bado namdai maelezo.

Wako,
Asnati

Nilikuwa nimeshamaliza, dalali wa Kimara kapiga sasa hivi, eti kuna mteja mwingine kaja na hela taslimu anataka kuichukua leo. Kila gari Dar ina mteja mwingine mwenye hela taslimu. Sijamuamini, ila tumbo limenicheza, kwa hiyo usingoje Jumamosi, nipigie leo usiku nikishalaza watoto.