Barua kwa wanangu mlioanza maisha ya kupanga: hela yenu inaishia kwenye vipimo vya mia tano

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nawaandikia nyie mlioanza maisha juzijuzi hapa Dar, mnaokaa vyumba vya kupanga huko Mbagala, Buza, Tandika, Gongo la Mboto, wengine mna mke na mtoto wengine mnaishi na mdogo wenu mliyemtoa kijijini, maana kila mwezi nasikia maneno yale yale, mama hela ya kula haitoshi, mama mshahara umekata tarehe 12. Mimi nimefanya umama lishe miaka 22, watoto wangu wote nimewasomesha kwa wali maharage, kwa hiyo hili la chakula nisikilizeni.

Nianze na mafuta. Hapa uani kwetu kuna binti, jina nalihifadhi, asubuhi anamtuma mtoto mafuta ya mia tano na jioni anamtuma tena ya mia tano, siku zote hivyo. Siku moja nikamwambia mwanangu nipe chupa tupu ya lita, wiki hii pikia mafuta yangu mimi ila ya kwako endelea kununua uyamimine humu tuone. Tukamimina. Vipimo 14 ndo vikaijaza ile chupa, yaani siku saba, 7,000 hiyo. Duka lile lile lita iliyofungwa ilikuwa inauzwa 5,500. Aliishika ile chupa akaigeuza geuza kwenye mwanga halafu akaniuliza, kwa hiyo mama mwaka mzima huu? Nikamwambia ndio, mwaka mzima huu, kila wiki 1,500, na hapo ni mafuta tu hatujagusa sukari ya robo, unga nusu, majani ya chai ya vifuko na mkaa wa kopo.

Mwenye duka simlaumu, yeye anakupimia anakufungia, mengine yanamwagika, lazima afidie. Anayetakiwa kubadilika ni wewe.

Lakini angalieni kitu kimoja, ukiwa na chupa nzima ndani mkono unakuwa mwepesi, unamimina tu, mwisho lita inaisha siku nne na hujaokoa chochote. Yule binti tulichukua kalamu ya wino mzito tukachora mistari saba kwenye chupa, mstari mmoja siku moja, na hadi leo anachora.

Najua mtaniambia mama sisi hela tunaipata kwa siku, mume anaendesha boda, lita nzima nitaitoa wapi. Nawaelewa kabisa, nimeishi hivyo hivyo. Ndo maana nawaambia msianze na vitu vyote, anzeni na kimoja. Weka mia tano kwenye kibubu kila siku, ikifika ya lita nunua lita, sasa hapa ndo penyewe: ile elfu moja uliyokuwa unaipeleka dukani kila siku kwa ajili ya mafuta usiile, irudishe kwenye kibubu. Wiki ikiisha una hela ya lita nyingine na inabaki. Hiyo inayobaki ndo inaanza kukununulia sukari kilo badala ya robo, halafu sukari nayo inafanya kazi hiyo hiyo kwa kitu kinachofuata. Inachukua miezi, nisiwadanganye, lakini inafika.

Vitu vikubwa sasa, mchele maharage mahindi, hivyo changianeni. Wapangaji watano kwenye nyumba moja kila mtu anaenda kununua maharage nusu kilo kwa wakati wake, jamani kwa nini? Gunia la kilo 100 mkigawana ni kilo 20 kila mmoja. Mwende wawili Tandale sokoni asubuhi, na mwende msimu wa mavuno, mahindi na mchele na maharage ya Mbeya na nyanda za juu huko mengi yanavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, hapo bei inashuka, ukisubiri mwezi wa kwanza au wa pili utaikuta iko juu. Nunueni kwa kilo kwenye mizani, achaneni na sado na debe, kopo linaweza kubonyezwa kitako likaingia ndani na wewe usijue, na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo chake, msiishangilie, Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele miaka yote kwa sababu si kipimo rasmi.

Maharage yaangalieni sana. Ya zamani rangi imefifia, yamekuwa makavu mno, utayachemsha kutwa hayaivi na mkaa unaisha, hata kama uliyanunua kwa bei nafuu yamekula faida yote jikoni. Mimi nikifika sokoni naomba niuziwe nusu kilo kwanza, naenda kupika nyumbani, ndo kesho yake narudi kuchukua gunia. Na mkishanunua loweka usiku kucha yaamkie jikoni, funika sufuria, utaona mkaa unavyobaki.

Kutunza nako kuna mambo. Mwaka mmoja nilinunua gunia zima la maharage kwa bei nzuri sana, nikaliweka kona ya chumba sakafuni kama lilivyo, baada ya miezi mitatu nafungua, unga mtupu, fukusi wametoboa karibu nusu, nilikaa pale chini nikalia maana ile ilikuwa mtaji wangu. Sasa hivi kuna mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje, ukikausha nafaka vizuri ukashindilia hewa itoke ukafunga kila mfuko peke yake, wadudu wanakosa hewa wanakufa wenyewe bila dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Na mahindi yenye ukungu msile wala msiseme tutayachambua tusage, kuna sumukuvu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu. Hapo kubana matumizi hakupo, tupeni.

Jambo ambalo sitaki kulisikia ni mtu anabana hela kwa kuwanyima watoto mboga. Matembele na mchicha fungu bado ni bei ndogo, dagaa wapo, na unga wa dona una virutubisho kuliko sembe, tena mkisagisha mahindi yenu mashineni hamlipii kukoboa. Kateni kwenye soda na chipsi za njiani.

Mkigawana gunia kila mtu awepo, mizani iwe katikati ya ua, mfuko wa kila mmoja aende nao chumbani kwake siku hiyo hiyo, msiweke kwa mtu mmoja maana nimeona majirani wazuri wakinuniana kwa kilo mbili. Maharage mapya mwezi wa saba huwa yameshaanza kuingia, ongeeni leo jioni mkiwa hapo uani mnaosha vyombo.

Mama yenu, Mbagala