Rehema, kabla hujalipia tangazo la duka

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na hongera kwa duka. Umeuliza kama matangazo ya vipodozi mtandaoni yana masharti, au mtu anaposti tu anavyotaka. Masharti yapo, hata kwa picha ya kawaida uliyoiweka status bila kulipia. Ukishasifia bidhaa ili inunuliwe, umetangaza, na kila unachodai lazima uwe na cha kukithibitisha.

Anza na mzigo wenyewe. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Dawa zimebaki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Losheni isiyosajiliwa usiitangaze, hata kama Kariakoo nzima inaiuza. Ukikuta haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) au zebaki kwenye lebo, rudisha: ni marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na zinaumiza watu.

Sasa maneno, maana hapa ndipo wengi wanaponasa. "Inalainisha ngozi" ni sifa ya kipodozi. "Inatibu chunusi" au "inamaliza fangasi" ni dai la dawa, na tangazo la dawa linahitaji kibali cha TMDA kabla halijatoka. Angalia lile ulilonitumia: "Asilia 100%, haina kemikali, unang'aa ndani ya siku 3, matokeo ni uhakika." Lebo ya chupa hiyo hiyo inataja manukato na kihifadhi, kwa hiyo madai mawili ya kwanza yameanguka hapo hapo. Siku 3 utazithibitishaje? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, manufaa au bei, na ukiitwa na Tume ya Ushindani, kusema "aliyeniuzia ndiye aliyeniambia" hakutakusaidia sana. Mimi ningeandika hivi: "Losheni ya mafuta ya nazi kwa ngozi kavu, mililita 400, Sh 15,000, tupo Mtaa wa Kongo." Inatosha kabisa, na inauza.

Bei iwe ya shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimezuia kutangaza bei kwa dola ndani ya nchi. Na ukikata 20,000 kwa mstari mwekundu ukaandika 15,000, hakikisha uliwahi kweli kuuza kwa 20,000, na risiti zipo.

Picha za "kabla na baada" zinanitia wasiwasi zaidi. Uso wa mteja ni taarifa yake binafsi, na chunusi zake zinagusa afya, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu kuwa nyeti. Pata ridhaa ya maandishi inayotaja picha ipi, itawekwa wapi na kwa muda gani. "Sawa dada" ya WhatsApp ni nyepesi mno. Akibadili mawazo, ifute.

Namba za wanaolipa kwa lipa namba usizikusanye ukawatumia matangazo. Walikupa kwa ajili ya malipo tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mteja awe ameridhia, ujumbe useme mapema unatoka kwa nani na wa nini, na uwe na njia ya kujitoa. Mwulize pale pale kaunta, uweke alama daftarini.

Yule dada maarufu unayetaka kumlipa, mkataba useme atasoma maneno uliyoyapitisha wewe, asiongeze "inatibu" ya kwake. Posti yake iwe na alama ya ushirikiano wa kulipwa. Instagram wenyewe wanaitaka. Wimbo wa Bongo Fleva chini ya tangazo unahitaji ruhusa ya mwenye haki. Kama huna, tumia sauti yako mwenyewe.

Fungua faili moja: cheti cha TBS, picha ya lebo, ridhaa, mkataba, na nakala ya kila tangazo na tarehe yake. Tangazo la kwanza usilipie bado; nitumie maandishi pamoja na picha ya lebo, mbele na nyuma, nikupitie mstari kwa mstari.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura