Duara linatoka yai: maneno ya tableti ya kuchorea

Haipiti wiki bila mtu kuingia dukani kwetu hapa Bagamoyo, tableti ya kuchorea kwenye begi, kile kibao unachochomeka kwenye kompyuta ukachora kwa kalamu yake, anasema kaka hii mbovu, nikichora duara linatoka yai. Tunachomeka, dakika tano tu, anaondoka anacheka. Nyingi hazijaharibika jamani, ni maneno ya kwenye boksi na kwenye setingi ndo hajaelezwa mtu.

Tuanze na hilo yai. Tableti ina eneo la kuchorea, ule mstatili ambao kalamu inasomeka, na huo mstatili unatandikwa juu ya kioo chote cha kompyuta pembe kwa pembe. Sasa uwiano wa upana kwa urefu, tableti nyingi ni 16:10 na vioo vingi ni 16:9, hazilingani, mchoro unavutika kidogo. Ukiwa na monita ya pili ndo balaa, tableti inajitandaza kwenye vioo vyote viwili na duara linakuwa embe. Fungua draiva, chagua kioo kimoja, afu weka uwiano ulingane na kioo. Utapoteza kipande kidogo cha tableti, poa tu.

Draiva yenyewe ni programu inayoielewesha kompyuta kalamu inasema nini. Bila hiyo mshale unatembea lakini mstari unene mmoja mwanzo mwisho, ukandamize usikandamize. Na kama ulikuwa na tableti ya kampuni moja, tuseme Huion, ukanunua ya nyingine, tuseme XP-Pen, ondoa draiva ya zamani kwanza, zima uwashe, ndo uweke mpya, maana zikikaa pamoja ni fahali wawili zizi moja. Ikiwa kila kitu kiko sawa na bado mstari haunenepi, humo kwenye draiva kuna kitiki cha Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows yenyewe, kitoe au kiweke ujaribu, mara nyingi kesi inaishia hapo.

Modi ya mausi: ukiinua kalamu ukaiweka pengine mshale haukufuati. Wanaotoka kwenye brashi, kama vijana wanaosoma uchoraji TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanachanganyikiwa kabisa. Rudisha modi ya kalamu humo humo kwenye draiva.

Sasa namba. Levo za prisha 4096, 8192, wengine wanatangaza 16384, yaani hatua ngapi kati ya kugusa na kukandamiza. Kwa maoni yetu ukishavuka 4096 mkono hausikii tofauti, usiongeze hela kwa ajili hiyo tu, angalia ukubwa wa eneo la kuchorea. LPI ni jinsi tableti inavyosoma kwa undani mahali kalamu ilipo; LPI 5080 ni mistari 5080 kwa inchi, sawa na 200 kwa milimita moja, hakuna mkono unaofika huko.

Kalamu isiyo na betri inapata umeme wake kutoka kwenye tableti yenyewe kwa mawimbi ya sumaku-umeme, na kila kampuni ina namna yake, ndo maana kalamu ya kampuni moja kwa kawaida haishiki kwenye tableti ya kampuni nyingine, na spika kubwa pembeni inaweza kuutetemesha mstari.

Nibu ni ile ncha ya plastiki, inalika, ikishakuwa bapa badilisha, kwenye boksi mara nyingi wanaweka za akiba na kijipete cha kuchomolea. Huku kwetu pwani futa tableti kila kabla ya kuchora, chembe moja ya mchanga inachana uso wote.

Ukija, njoo na laptop na waya wake, kuna mmoja alituletea kalamu peke yake.